Somo: Safari ya malalamiko yako dhidi ya bosi, kutoka Malindi hadi makao makuu

Wanachama, hamjambo. Somo hili limeombwa na watu watatu ndani ya wiki moja, wote waajiriwa wa kampuni kubwa: mmoja yuko hoteli ya huku Casuarina, mmoja benki, mmoja kampuni ya simu. Swali lao ni moja: "Nikimshtaki bosi wangu kwa HR (idara ya rasilimali watu), itakuwaje?" Mimi nilikaa upande wa pili wa meza hiyo miaka tisa, Nairobi, nikipokea malalamiko ya matawi ya Pwani, kabla sijarudi nyumbani. Nitasema mambo yanavyokwenda, si yalivyobandikwa ukutani kwenye chumba cha chai.

Kwanza tuelewane. HR si mama yako, wala si adui yako. Wanalipwa na kampuni, na kazi yao ni kuikinga kampuni isiingie hasarani. Siku maslahi yako na ya kampuni yakilala upande mmoja, watakubeba, yakiachana, usishangae. Wazee walikataza kumpelekea nyani kesi ya ngedere, na kwenye tawi dogo maneno hayo ni kweli tupu. Lakini kampuni kubwa ina nyani wengi, na si wote wanaopendana. Nafasi yako iko hapo.

Hatua ya 1: Jua lalamiko lako ni la kapu gani

Malalamiko yakifika makao makuu, mtu huyasoma mara moja na kuyatia kapu. Kapu la kwanza ni la kuvunja sheria: unyanyasaji wa kingono, ubaguzi wa kabila, dini, ulemavu au ujauzito, wizi. Hilo linashtua, na simu zinapigwa siku hiyo hiyo. La pili ni la kuvunja sera ya kampuni: matusi, vitisho, kuwanyima watu ofu kwa makusudi, kulipiza kisasi. La tatu huitwa "mtindo wa uongozi". Humo ndimo malalamiko mengi yanamofia. Ukiandika "bosi wangu ana roho mbaya", umejitia mwenyewe kapu la tatu.

Bosi anayekukemea kwa kuchelewa si mtesaji. Bosi anayekuita mbwa mbele ya wageni, akakubadilishia zamu usiku wa saa nne, kisha akakuandikia onyo kwa kutofika asubuhi, huyo ni habari nyingine.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 ina kifungu kizima, cha 6, juu ya unyanyasaji wa kingono, na mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima awe na sera yake kwa maandishi. Bosi wa matusi hana kifungu chake. Inabidi umzunguke: ibara ya 41 ya Katiba inayodai haki kazini, kifungu cha 5 cha ubaguzi kama kinagusa, na sera ya kampuni yenyewe. Wajapani wana neno lao kabisa, pawahara, yaani mkubwa kunyanyasa kwa cheo chake, na tangu Juni 2020 kampuni kubwa za kule zinalazimishwa na sheria kuweka njia ya kupokea malalamiko ya namna hiyo. Sisi bado tunazunguka.

Hatua ya 2: Andika, na uandike kwa msomaji asiyekujua

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea.

Mwaka mmoja nilipokea barua kutoka tawi moja la huku, kurasa tatu, imejaa uchungu. Meneja ni dhalimu, hana utu, Mungu atamlipa. Niliiamini barua ile neno kwa neno. Nikaipeleka kwa mkuu wangu, akaniuliza: "Amefanya nini, na lini?" Sikuwa na jibu. Ikafungwa.

Miezi mitano baadaye, dada mmoja wa idara ile ile akaleta ukurasa mmoja. Hakuweka neno baya hata moja. Alikuwa ameorodhesha tarehe tisa. Kila tarehe: zamu iliyokuwa kwenye rota, zamu iliyobadilishwa, saa aliyopewa habari, nani alikuwepo, na kazi gani iliharibika siku hiyo. Mara mbili wageni walikaa mapokezi bila mtu. Mara moja malipo ya kundi zima yalikosewa. Alimalizia: "Naomba rota itolewe siku saba kabla, na maonyo mawili niliyopewa yaangaliwe upya." Ukurasa ule ulipanda ngazi tatu kwa siku nne. Meneja ni yule yule na mateso ni yale yale, ila safari hii mtu wa Nairobi asiyewahi kukanyaga Malindi aliweza kuusoma na kuona kampuni inavuja pesa.

Basi fanya hivi. Nunua daftari, au jitumie barua pepe kwenye anwani yako binafsi kila tukio linapotokea, siku ile ile. Maneno yaliyosemwa yaandike kama yalivyosemwa, hata kama yanakuaibisha. Taja aliyeona. Taja kilichoharibika. Mwisho sema unataka nini, kitu kimoja au viwili vinavyowezekana. "Afukuzwe" usiandike, hilo si lako kuamua, na linakufanya uonekane umekuja kwa visa.

Tahadhari moja: usijitumie orodha za wateja au hesabu za kampuni ukidhani unakusanya ushahidi. Nimeona mlalamikaji mwenye haki kamili akifukuzwa kwa hilo, na bosi akabaki.

Hatua ya 3: Tafuta mlango

Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi anatakiwa na kifungu cha 12 cha Sheria ya Ajira akueleze kwa maandishi kanuni za nidhamu, na pia ni nani wa kumpelekea malalamiko na kwa njia gani. Tazama mkataba wako na kile kijitabu ulichotia sahihi siku ya kwanza bila kukisoma. Sote tulifanya hivyo.

Milango ya kawaida ni mkubwa wa bosi wako, HR wa tawi, HR wa kanda au makao makuu, na laini ya siri, ambayo mara nyingi huendeshwa na kampuni ya nje ili anayepokea simu asiwe rafiki wa mtu. Ukipiga laini ya siri utapewa namba ya kesi. Itunze, maana bila hiyo hutaweza kufuatilia. Kama mna chama cha wafanyakazi, mwakilishi wenu naye ni mlango, na kwa watu wa hoteli ndio wenye nguvu kuliko wote.

Hatua ya 4: Yanayotokea ndani usiyoyaona

Anateuliwa mchunguzi. Kwa mambo madogo ni mtu wa HR. Kwa makubwa, wakili wa nje. Atakuhoji wewe, mashahidi, kisha bosi. Bosi hatasomewa barua yako, lakini ataulizwa kuhusu matukio, na kwa matukio atakujua. Usijidanganye. Wakisema "tutatunza siri", maana yake ni kwamba watawaambia wanaohitaji kujua tu.

Mwishoni mchunguzi anaandika moja kati ya matatu: imethibitika, haikuthibitika, au ushahidi hautoshi. Hilo la mwisho huwachoma watu, wakadhani wameitwa waongo. Sivyo. Faili linabaki. Siku wa pili na wa tatu wakileta la kwao, la kwako linafunguliwa tena, ikiwa kuna mtu mwaminifu wa kulifungua.

Mfano wa mtu asiye mwaminifu dunia nzima iliuona. Februari 2017 mhandisi Susan Fowler aliandika hadharani kwamba alipomlalamikia meneja wake pale Uber, HR walimwambia ni kosa la kwanza la mtu yule, na ni mchapakazi. Baadaye akakutana na wanawake wengine walioambiwa maneno yale yale juu ya mtu yule yule. Baada ya kelele kampuni ilichunguza malalamiko 215, na Juni mwaka huo zaidi ya wafanyakazi 20 wakaachishwa kazi. Malalamiko yalikuwepo muda wote.

Na adhabu? Mara nyingi ni onyo, mafunzo, kunyimwa bonasi, au kuhamishwa. Kufukuzwa ni nadra, hasa kama meneja analeta pesa. Nimekaa kwenye vikao ambako swali la kwanza lilikuwa "tawi lake linaingiza kiasi gani?" Sijivunii.

Hatua ya 5: Jilinde na kisasi

Kisasi hakiji kwa jina lake. Huja kama tathmini mbaya ghafla, au ule mpango wa kuboresha utendaji watu wanaouita PIP, au barua ya kutakiwa ujieleze. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kukuachisha kazi, isipokuwa malalamiko yawe ya kizembe na yasiyo na msingi. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinataka kabla ya kufukuzwa uelezwe kosa kwa lugha unayoielewa, usikizwe, na uwe na mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua. Ukiitwa kikao cha nidhamu, usiende peke yako. Na tathmini zako nzuri za zamani zitoe nakala leo, kabla ya barua kuandikwa.

Hatua ya 6: Mlango wa nje

Afisa wa kazi: ukifukuzwa, una miezi mitatu kumfikia. Mahakama: miaka mitatu tangu jambo litokee, lakini kwa dhuluma inayoendelea ni miezi 12 tangu ikome. Mshahara wako kwa jumla ukiwa hadi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi inaanzia kwa hakimu. Ukizidi, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo hukaa hapa hapa Malindi. Fidia ya kufukuzwa kwa dhuluma haizidi mishahara ya miezi 12. Wanaowaahidi mamilioni wanawauzia upepo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mhudumu wa mapokezi, Watamu: Mwalimu, HR wetu na bosi ni marafiki wa kufa kuzikana. Jumapili wako pamoja baharini. Nipite wapi?

Dada yangu, mruke. Andika kwa HR wa kanda na useme wazi kwa nini umemruka: "kwa sababu ya ukaribu wao." Usieleze zaidi, wala usitume picha za baharini. Urafiki si kosa, lakini mchunguzi asiyefungamana na upande ni haki yako kuomba.

Mpishi, Malindi: Mimi ni wa msimu. Mvua za masika zikianza hoteli inafungwa na mkataba unaisha. Nikilalamika, Julai siitwi.

Sitakudanganya kaka, hapo msimamo wako ni dhaifu. Mkataba wa muda ukifika mwisho umefika, na mahakama kwa kawaida hazilazimishi uongezwe. Usiende peke yako. Wapishi sita wakitia sahihi barua moja, au chama kikiiandika, ni vigumu kuacha kuwaita wote sita na msimu umekaribia. Na kama bosi anakudai sehemu ya mshahara ili akuite tena, hilo ni kapu la kwanza. Peleka laini ya siri leo.

Wa benki, Lamu: Tawi letu tuko watu watano. Laini ya siri ina siri gani hapa? Ukipiga chafya Mkomani, Langoni wanakuombea afya.

Umesema kweli, nimecheka. Kwenye tawi la watu watano barua isiyo na jina ni hasara tupu: bosi anakujua, na kampuni haina wa kumlinda. Weka jina lako. Mlalamikaji mwenye jina na tarehe akiguswa kesho, kampuni inajua itaulizwa. Omba pia uhojiwe kwa simu nje ya saa za kazi, si kwa mgeni wa Nairobi anayeshuka Manda na mkoba, mji mzima ukimwona.

Fundi wa kampuni ya simu, Malindi: Waliniandikia "suala lako limeshughulikiwa". Bosi yupo, anacheka vilevile. Wamenidharau?

Huenda ndiyo, huenda sivyo. Adhabu ya mtu mwingine hawakuambii, hata ingekuwa nzito. Uliza mambo matatu wanayoweza kukujibu: uchunguzi umefungwa tarehe gani, ni matukio gani waliyoyachunguza, na nani wa kumwendea nikilipiziwa. Wakishindwa hata na hayo, hawakuchunguza kitu.

Msimamizi wa vyumba, Casuarina: Naweza kuacha kazi kisha nishtaki kwamba wamenilazimisha?

Inawezekana. Mahakama ya Rufani iliweka vigezo mwaka 2015: uonyeshe mwajiri alivunja mkataba kwa uzito, na kwamba uliondoka kwa sababu hiyo, bila kukawia. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Wengi hupoteza kwa kuandika barua tamu ya kuaga, "nashukuru kwa nafasi mliyonipa", halafu wanakwenda mahakamani. Usitie sahihi barua ya kuacha kazi kabla ya wakili kuiona.

Mwanachama aliye Tanga: Na sisi huku?

Sheria yenu ni nyingine, na saa yenu inakimbia: ukiachishwa kazi una siku 30 tu kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; migogoro mingine siku 60.

Mkuu wa idara, jina amehifadhi: Mwalimu, shikamoo. Aliyelalamikiwa ni mimi. Naapa sijui nimekosa nini.

Marahaba. Haki ya kusikizwa ni yako pia, kwa hivyo omba matukio na tarehe kwa maandishi, ujibu moja moja. Usiwaite vijana wako mmoja mmoja kuwauliza nani aliandika. Uchunguzi ukiendelea, rota na tathmini mpe mwenzako azitie sahihi. Halafu soma zile tarehe peke yako usiku, ukumbuke ulisema nini siku hizo, kisha niandikie tena.