Mambo ya Kuandaa Kabla Bosi Hajakutishia Uhamiaji (Walio Jimbo la Washington)

Naandikia walio jimbo la Washington, kule Seattle, Kent na Tacoma, si mji wa Washington D.C. Ukiwa Texas, usisome ukadhani nakusemea wewe. Marekani kila jimbo lina sheria zake, na ulinzi wa jimbo unaishia mpakani. California walitangulia, New York wakafuata mwishoni mwa 2022. Sisi huku, tangu 2020, sheria ya jimbo inayokataza ubaguzi inataja wazi uraia na hali ya uhamiaji. Kwa hiyo mwajiri au mwenye nyumba hawezi kukubagua kwa sababu tu ya karatasi zako, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu tofauti hiyo. Lakini sheria haikutafuti ulipo. Unaifuata wewe, na ukienda mikono mitupu utarudi mikono mitupu.

Kwanza, wajue watu wako. ICE, wale maofisa wa uhamiaji, ni wa serikali kuu, na jimbo haliwezi kuwazuia kufanya kazi yao. Polisi wa hapa ndio waliowekewa mipaka mwaka 2019: hawatakiwi kukuuliza hali yako ya uhamiaji kama haihusiani na uhalifu wanaouchunguza. Usichanganye hao wawili.

Nakala za karatasi zako ziwe kwa mtu unayemwamini, pamoja na ile nambari yako ya uhamiaji inayoanza na A. Ukihama nyumba, wajulishe uhamiaji ndani ya siku 10. Mwenye grini kadi aliyetimiza miaka 18 anatakiwa kutembea nayo, si kuifungia sandukuni.

Kwenye fomu ya I-9, ile ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, wewe ndiye unayechagua hati za kuonyesha kutoka kwenye orodha. Bosi akisema "mimi nataka grini kadi tu", amekosea, mwambie kwa adabu.

ICE wakibisha mlangoni, usifungue. Waombe wapitishe karatasi chini ya mlango, kisha tafuta sahihi ya jaji na jina la mahakama. Fomu za I-200 na I-205, yaani hati zao za kukamata mtu na kumwondoa nchini, husainiwa na maofisa wa uhamiaji wenyewe, na hizo peke yake haziwapi ruhusa ya kuingia kwako.

Sasa daftari la masaa ya kazi. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoungua.

Nilikuwa nakesha kwenye nyumba ya kulea wazee, kusini ya Seattle. Wazee sita, mmoja wao lazima ageuzwe kila baada ya masaa mawili. Mwenye kazi ni mwenzetu wa Afrika Mashariki, tukimwita Mama, tunasali kanisa moja, chapati zake tumezila. Naingia saa 1 jioni, natoka saa 1 asubuhi, kisha naenda kwangu kulala. Hati ya mshahara ikija, usiku mzima ni masaa manane. Nilikuwa nimeshasikia watu wakisema andika masaa yako, basi nikawa naandika kila asubuhi ndani ya basi, kalamu ikiruka kwenye mashimo ya barabara: "5/3, 1–1". Miezi minane hivyo, na nikajiona mjanja.

Nilipodai, Mama akanitumia ujumbe wa sauti, kwa upole wake ule ule: "Mwanangu, kibali chako kinaisha lini vile? Usinifanye nipige simu moja tu."

Nikaenda kulalamika jimboni, kwenye Idara ya Kazi na Viwanda, ile watu wanayoiita L&I. Hawaulizi karatasi zako za uhamiaji, na mkalimani ni bure. Afisa akafungua daftari, akaangalia, akauliza: "Uliingia saa moja, ukatoka saa moja?" Nikaitikia. Wamarekani hawa saa 1 yao ni baada ya chakula cha mchana! Na 5/3 kwao ni tarehe 3 Mei, siku ambayo mimi nilikuwa mapumzikoni na ratiba inaonyesha. Upande wa pili Mama ana karatasi zake zimechapwa vizuri, 7 p.m. mpaka 3 a.m., eti baada ya hapo nilikuwa naruhusiwa kulala. Nani alikuwa akimgeuza yule mzee alfajiri, hakuna aliyeuliza.

Siku tatu nilikaa mezani nikibadilisha kila mstari kuwa saa za Kizungu, mwezi ukitangulia tarehe. Kuna siku nilikuwa nimeandika "1–2", na mpaka leo sijui ile 2 nilimaanisha nini. Siku hizo zilidondoka. Nililipwa, ila si zote.

Na ule ujumbe wa sauti? Alikuwa ameipanga WhatsApp ifute mazungumzo yetu baada ya siku 7. Nilipoutafuta, haupo. Ulioniokoa ni umbea. Usiku ule ule nilikuwa nimemrushia dada yangu Mombasa, "hebu msikilize huyu mama", na kwake haukufutika.

Kwa hiyo: andika 7 p.m. – 7 a.m., andika jina la mwezi kwa herufi, piga picha ukurasa kila wiki. Ujumbe wa vitisho utoe nje ya simu siku hiyo hiyo. Usikimbilie kurekodi watu kwa siri. Jimbo hili kwa kawaida linataka kila anayezungumza akubali, na vighairi ni vichache, muulize wakili kwanza. Sauti aliyokutumia mwenyewe ni kitu kingine, amejirekodi yeye.

Hesabu pia siku za kuwahi kulalamika. Kulipiziwa kisasi kwa kudai mshahara, una siku 180. Ubaguzi kazini, kwa Tume ya Haki za Binadamu ya jimbo, kwa kawaida miezi 6. Ubaguzi wa nyumba, mwaka 1. Mshahara wenyewe unaweza kudaiwa miaka 3 nyuma. Tangu Julai 2025 mwajiri anayetumia uhamiaji kumtisha mfanyakazi ili asidai haki yake anaweza kupigwa faini, lakini nayo inataka ulalamike mapema.

Mengine unayajua. Notari wa hapa si wakili, hata akiwa na muhuri mkubwa namna gani. Usisaini usichokisoma. Nambari mbili za simu ziwe kichwani, siyo kwenye simu. Ukienda kuchukua leseni ya udereva ukaulizwa habari za kujiandikisha kupiga kura na wewe si raia, sema hapana, kisha angalia fomu mara ya pili kabla ya kuirudisha. Na hebu fungua WhatsApp sasa hivi, nenda kwenye mazungumzo yako na bosi, uone kama yamewekwa yajifute.