Meza ya bundi: ninavyoiandaa

Siku ya Ndege Wahamao Duniani, Jumamosi ya pili ya Oktoba, hapa Watamu, pwani ya Kenya, wageni hukimbilia darubini. Mimi huwavuta kwa matapishi ya bundi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Okota madonge makavu kwenye magofu wanamolala bundi, yafunge kwa foili, yaoke dakika 40 kuua vijidudu. Mezani tandaza karatasi nyeusi, weka vijiti vya meno. Usihutubie! Mwachie mtoto achambue. Likitokea fuvu la panya, hata mama aliyenung'unika kuwa bundi ni mkosi atainama kuhesabu meno. Hapo ndipo nitoapo picha ya bundi wa Sokoke, msitu ulio karibu nasi: kijindege kisichofika sentimita 20. Sabuni na maji viwe karibu.