Kukagua Afya ya Kijito kwa Kutazama Wadudu Wake

Katika vijito vinavyoshuka kutoka Milima ya Uluguru, maji maangavu si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa viuatilifu vya mashambani havionekani kwa macho. Simama mahali maji yanapopita kwa kasi juu ya mawe, tega wavu wenye matundu madogo (kipande cha chandarua kinafaa) upande yanakoelekea, kisha sugua mawe yaliyo mbele yake kwa dakika 2 na umwage ulichonasa katika beseni jeupe. Wadudu wachanga wenye mikia 3 myembamba na matamvua ya kupumulia yanayopepea ubavuni ni dalili njema. Ukipata mabuu mekundu na minyoo tu, shuku uchafu. Epuka siku za mafuriko, ambayo huwasomba wote.