Somo: BMW X5 (E70) inayomaliza tairi za nyuma upande wa ndani

Wakuu, somo hili ni la X5 za 2006 hadi 2013, hasa zenye rimu za inchi 20: tairi za saizi 275/40 mbele na 315/35 nyuma. Ukiitazama tairi ya nyuma ukiwa umesimama, kashata (sehemu yenye mifereji inayogusa barabara) inaonekana nzima. Chuchumaa nyuma ya gari, mulika tochi upande wa ndani, na mara nyingi utakuta bega la ndani limekuwa kipara, pengine nyaya zinachungulia.

Gari lina zaidi ya tani mbili, tairi ni pana, na kiwandani magurudumu ya nyuma yamelazwa kidogo, juu yakiingia ndani, ili gari lishike barabara kwenye kona. Ulalo huo ndio kemba. Kemba peke yake hula taratibu. Inayomaliza tairi mapema ni tou, yaani magurudumu kutazama ndani au nje badala ya mbele moja kwa moja. Tou ikikosea nyuzi 0.2 tu kwa gurudumu moja, tairi inaburuzwa kiubavu kama mita 3.5 kila kilomita, na mzigo wa buruzo hilo unaliangukia bega la ndani.

Hatua ya 1: Soma tairi kuukuu kabla hujaitupa

Tumia kipimo cha kina cha kashata. Pima mfereji wa nje, wa kati na wa ndani, sehemu tatu za mzunguko, uandike. Ukipata nje 5 mm, kati 4.5 na ndani 1.5, tatizo ni jiometri, yaani pembe za magurudumu. Kati ikiisha kwanza, upepo ulizidi; mabega yote mawili yakiisha, upepo ulipungua. Kisha pitisha kiganja juu ya kashata kwenda na kurudi kiubavu: ikiteleza upande mmoja na kukwaruza ukirudi, hiyo ni tou. Ukihisi mabonde mabonde kuzunguka tairi, angalia shokapu na balansi.

Hatua ya 2: Upepo

Fuata stika ya fremu ya mlango wa dereva, safu ya mzigo unaobeba kweli. Usifuate namba ya ubavuni mwa tairi, hiyo ni ukomo wa tairi yenyewe. Pima asubuhi gari halijatembea.

Hatua ya 3: Kimo cha nyuma

Hapa wengi wanaruka. Baadhi ya E70 zina mifuko ya hewa nyuma. Mfuko ukivuja au sensa ya kimo ikidanganya, gari linakaa chini, kemba inaongezeka, na tou nayo inahama. Egesha usiku kucha sehemu tambarare. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango wowote, pima kutoka ukingo wa chini wa rimu hadi ukingo wa tao la bodi, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa umeshuka, puliza maji ya sabuni kwenye mfuko na maungio ya bomba lake. Waliofunga springi za kushusha gari wajue wamejiongezea kemba wenyewe.

Hatua ya 4: Bushi (raba za maungio) na viungo

Gari likiwa juu ya lifti, tia mtaimbo mdogo kwenye kila mkono wa nyuma (chuma kinachoshikilia gurudumu) na usukume. Tafuta raba iliyopasuka, iliyoachana na chuma, au boljointi yenye mchezo. Mbele kagua tairodi na bushi za mikono ya chini. Hatua hii ndiyo inayotenganisha fundi na mbahatishaji: bushi ikiwa imechoka, mashine ya alaimenti (ya kupima na kurekebisha pembe za magurudumu) itaonyesha kijani, yaani sawa, gari likiwa limesimama, lakini ukikanyaga mafuta mkono unasogea na tou inabadilika. Umelipia karatasi tu.

Ukifunga bushi mpya, kaza boliti za mwisho gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida. Ukikaza magurudumu yakining'inia, raba inabaki imejipinda muda wote na itachanika mapema.

Hatua ya 5: Alaimenti ya magurudumu manne

Kataa ya mbele peke yake. Nyuma hurekebishwa kwanza, kisha mbele, usukani ukiwa umefungwa katikati. Nyuma kuna boliti zenye kichwa cha duara ambacho kitovu chake hakiko katikati, na ukizizungusha mkono unasogea. Kwenye magari yaliyotoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, boliti hizi huganda kwa kutu. Zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu mapema. Zikigoma, zikatwe na kuwekwa mpya. Fundi akisema "nyuma hairekebishiki", mara nyingi anazungumzia kutu.

Dai chapisho la kabla na baada. Mashine nyingi zinaandika nyuzi na dakika: dakika 12 ndizo nyuzi 0.2. Tou ya kushoto na kulia zilingane, na kemba ikae ndani ya data ya gari lako. Data ikiruhusu, omba kemba iwekwe upande wa ulalo mdogo.

Hatua ya 6: Tairi mpya

Hapa ndipo mwisho, si mwanzo. Angalia uwezo wa mzigo (106 ni kilo 950, 110 ni kilo 1,060) na tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Rudi na kipimo cha kashata baada ya kilomita 1,000, uone kama ndani na nje vinashuka sawa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, naweza kuzungusha za mbele zikaenda nyuma?
Kwa 275 na 315, hapana, rimu zenyewe zina upana tofauti. Wenye 255/50R19 kote wanaweza. Kugeuza tairi ndani ya rimu ili bega la ndani liwe nje hakufai kama ubavuni imeandikwa OUTSIDE.

Nimenunua mbili za nyuma tu. Kuna shida?
Inategemea za mbele. Saizi hizi mbili zote zina kipenyo cha karibu milimita 728, kwa makusudi, kwa sababu xDrive, mfumo wa BMW wa kuendesha magurudumu yote manne, inataka magurudumu yazunguke sawa. Za mbele zikiwa zimebaki na kashata ya 3 mm na za nyuma 8, kipenyo kinatofautiana milimita 10, na klachi ya transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma) inafanya kazi na kupata joto hata barabara ikiwa imenyooka. Badilisha zote nne.

Nikiongeza PSI 6, bega la ndani halitapona?
Halitaponea hapo. Kati nako kutaanza kuisha, breki zitashika vibaya kwenye mvua, na tou inabaki ileile.

Nikishuka Nairobi kwenda Mombasa upepo unabadilika?
Ndiyo. Hewa ya pwani ni nzito zaidi, hivyo geji inashuka kama PSI 2.5, joto la pwani linarudisha sehemu yake. Pima upya asubuhi ya kwanza ukiwa Mombasa, na ukirudi Nairobi pima tena, maana ulichoongeza pwani kitakuwa kimezidi.