Mchuzi Mzito wa Mabaki ya Bata Mzinga wa Sikukuu

Bata mzinga mzima huchomwa kwa ajili ya watu wengi, na ni nadra aishe siku ileile ya sikukuu. Nyama inayobaki, hasa ya kidari, hukauka upesi, na ikipashwa moto peke yake huwa ngumu na kupoteza ladha. Kwa maoni yangu hakuna matumizi bora ya mabaki hayo kuliko mchuzi mzito, mradi ladha itolewe kwenye mifupa na nyama iingie sufuriani mwisho.

Maandalizi huanza mara tu watu wanapomaliza kula. Nyama iliyopikwa isikae nje ya jokofu kwa zaidi ya saa 2, kwa sababu bakteria huzaliana haraka katika joto la kawaida la chumba. Ichambue kutoka kwenye mifupa, utenge ya mapaja na ya kidari, kisha uitandaze katika vyombo vipana visivyo na kina ili ipoe mapema. Jokofu likiwa na nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, nyama hiyo ipikwe ndani ya siku 3 hadi 4. Ukijua utachelewa, igandishe. Mifupa usiitupe kamwe.

Supu ndiyo inayostahili subira yako. Vunja mifupa, iweke kwenye sufuria kubwa pamoja na kitunguu kilichopasuliwa, karoti moja na punje chache za pilipili manga, kisha mimina maji baridi mpaka yaifunike. Yakianza kuchemka, punguza moto na uyaache yatokote polepole kwa muda wa saa 3 hivi, huku ukiengua povu. Moto mkali huivuruga supu, kwani mafuta na povu huchanganyika na maji badala ya kuelea juu. Katika muda huo kolajeni, yaani protini ngumu iliyomo kwenye maungio na gegedu, hugeuka kuwa jelatini, ambayo huupa mchuzi uzito usioweza kupatikana kwa unga peke yake. Ichuje, uipoze na kuilaza kwenye jokofu: ikiganda na kutikisika asubuhi, umefanikiwa, na mafuta yaliyoganda juu utayaondoa kwa kijiko.

Kwa walaji 5 au 6, tayarisha gramu 500 za nyama, lita moja na nusu ya supu, vitunguu 2, karoti 3, viazi 4, punje 2 za kitunguu saumu, na vijiko vikubwa 3 vya siagi na 3 vya unga wa ngano. Kaanga vitunguu kwa siagi mpaka vilainike, ongeza kitunguu saumu, kisha nyunyiza unga na ukoroge kwa dakika 2 ili harufu ya ubichi iishe. Mimina supu kidogo kidogo huku ukikoroga, usije ukapata madonge. Sasa weka karoti, viazi vilivyokatwa vipande na nyama ya mapaja, ambayo ina mafuta zaidi na huvumilia moto, upike taratibu kwa dakika 25 hivi. Ponda vipande vichache vya viazi sufuriani iwapo mchuzi bado ni mwepesi.

Kidari kiingie katika dakika 5 za mwisho, kwa kuwa kimekwisha kuiva na kinachohitajika ni kukipasha tu mpaka kifikie nyuzi 74. Chumvi pia isubiri hadi hapo, maana huenda bata alilowekwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuchomwa. Onja kwanza, kisha kamulia limau kidogo, ambalo hukata uzito wa mafuta.

Ikiwa unakusudia kugandisha sehemu ya mchuzi, itenge bila viazi, kwa sababu viazi vilivyogandishwa huwa na chengachenga na kutoa maji; vipike upya siku utakayoupasha.