Usaili mara mbili, wasaili watatu: ninavyoajiri mtunza stoo Tanga

Kwenye kampuni niliyowahi kufanyia kazi tulimwita mwombaji mmoja mara tano. Alitoka Lushoto: ateremke Mombo, apite Korogwe na Segera, ndipo aingie Tanga mjini, kila safari kwa nauli yake. Tulipompigia kumwambia kazi kapata, alishaanza kwingine.

Hatua ya 1. Anza na simu ya dakika 15: mshahara, zamu, tarehe ya kuanza. Asiyekubaliana na mshahara aseme kabla hajapanda basi.

Hatua ya 2. Teua wasaili watatu: atakayemsimamia, atakayefanya naye kazi kila siku, na mtu wa utumishi. Nimewahi kukaa kwenye jopo la saba. Wawili tuliuliza, watano walikunywa chai.

Hatua ya 3. Gawaneni maswali. Mkiuliza yale yale, wasaili watatu ni sawa na mmoja. Waombaji wote waulizwe sawa, na mambo ya mimba au ndoa yaacheni: kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi, na mwombaji naye analindwa.

Hatua ya 4. Siku hiyo hiyo mpe jaribio la kazi. Hapa ndipo ninapomjua mtu. Namkabidhi leja inayosema mifuko 140 ya saruji, stoo nimepanga 132. Mmoja atahesabu mara moja na kusaini. Mwingine atahesabu mara mbili, kisha aniulize nani alitoa mzigo mara ya mwisho. Kuna aliyewahi kufuta 140 akaandika 132, akatabasamu. Huyo hata usaili wa pili hakuuona.

Hatua ya 5. Kila msaili aandike alama kabla hamjazungumza, bosi aseme mwisho. Akitangulia yeye na "kijana yuko vizuri", nani atabisha?

Hatua ya 6. Usaili wa pili ni kwa wawili waliobaki tu, tena kama kuna swali mahususi halijajibiwa. Google walipopitia takwimu zao waliona usaili wa mara nne unatosha kuamua kwa uhakika wa asilimia 86. Kila unaoongezwa unaleta takriban asilimia 1. Na wao wanatafuta wahandisi, sisi tunatafuta mtu wa kuhesabu mifuko.

Mkikwama kati ya wawili, wapigieni waajiri wao wa zamani. Aliyeshinda aambiwe kesho yake. Wa pili msimkatae mpaka wa kwanza asaini.