Somo: Kufuli la kwenye diski, sheria inalitambuaje?

Wengi wakisikia "kinga ya kiteknolojia" hudhani ni chochote kinachokuzuia kunakili. Sheria ina masharti yake. Kama una DVD ya filamu karibu, ishike.

Hatua ya 1: Tafuta kufuli lenyewe. Onyo la "usinakili" kwenye jalada ni maneno tu. CD ya muziki ya kawaida nayo haijafungwa, kompyuta yoyote inaisoma. Lakini DVD nyingi za filamu zina CSS: data imevurugwa kwa usimbaji fiche, na deki iliyopewa leseni ndiyo yenye funguo za kuipanga upya.

Hatua ya 2: Uliza linazuia nini. Sheria ya Marekani ya 1998, DMCA, kifungu cha 1201, inatenganisha makufuli mawili. La kwanza ni la mlangoni: bila ruhusa huoni, husikii. La pili linakuacha uingie ila linakuzuia kudurufu. Ukivunja la mlangoni, kitendo chenyewe ni kosa. La pili ni ajabu kidogo: kifungu hicho hakikatazi kulivunja, kinakataza kutengeneza na kusambaza zana za kulivunjia. Sababu ni kwamba kuna kunakili kunakoruhusiwa, na anayenakili isivyo halali tayari ana kesi ya hakimiliki. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya, 2001/29, hayakuleta mgawanyo huo. Kukwepa kufuli la aina yoyote kunakatazwa.

Hatua ya 3: Pima neno "madhubuti". Mikataba ya 1996 ya WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, inalinda hatua za kiteknolojia zilizo madhubuti, na hapa ndipo watu hujikwaa. Ufunguo wa CSS ni wa biti 40 tu, na ulishavunjwa 1999. Umadhubuti uko wapi? Hoja hiyo ilifika mahakamani New York mwaka 2000, jaji akaitupa: kinachotazamwa ni jinsi kufuli linavyofanya kazi katika matumizi ya kawaida, hata kama mjuzi analifungua kwa dakika moja. Helsinki, Finland, mwaka 2007, mahakama ya wilaya ilisema CSS si madhubuti tena. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikatengua. Mimi naona ile ya wilaya ilifikiri kama fundi. Kufuli likikosa ulinzi wa sheria kwa sababu limevunjwa, sheria itamlinda nani?

Hatua ya 4: Hakikisha limewekwa na mwenye haki, au kwa idhini yake.

MASWALI

Swali: Mwalimu, diski nimeinunua kwa pesa yangu. Bado naambiwa nisiifungue?
Jibu: Ulichonunua ni diski, ndugu, haki za kazi iliyomo hukuuziwa. Marekani huwa na misamaha, hupitiwa kila miaka mitatu, na ni ya matumizi maalumu. Soma msamaha wenyewe kabla ya kujipa moyo.

Swali: Kama hakuna kufuli, niko huru kunakili?
Jibu: Hapana. Hakimiliki ipo hata pasipo kufuli. Kilichokosekana ni kosa la kuvunja kufuli tu.

Swali: Nikiweka kipaza sauti mbele ya spika nikarekodi?
Jibu: Kwa kawaida kufuli hujaligusa, deki imefungua kwa funguo zake halali. Nakala uliyopata ndiyo itakayoulizwa kama ni halali.